Koreshi au Aleksander: ukitafuta mjenzi wa dola, umchukue yupi?

Wiki mbili zilizopita mpwa wangu, yuko kidato cha tano, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo mjomba. Tuna mdahalo shuleni, mada ni mfalme gani wa kale alijenga dola iliyo bora. Nimebakiwa na wawili, Koreshi wa Uajemi na Aleksander wa Makedonia. Nimchukue yupi?" Nikaitikia marahaba, nikaanza kumjibu kwa sauti, dakika nne zikaisha sijafika hata Babeli. Ndiyo maana nimeandika.

Niseme mapema nimeegemea wapi, msije mkanidhania refa: mimi ni wa Koreshi. Lakini Aleksander ana hoja zake, nyingine nzito, na anayemtetea Koreshi bila kuzijua ataumbuka mbele ya watu.

Wahasimu wasiokutana

Koreshi alikufa mwaka 530 KK. Aleksander alivuka kuingia Asia mwaka 334 KK. Kati yao kuna karibu miaka 200, kwa hiyo hawakupigana hata siku moja. Mfalme wa Uajemi aliyepambana na Aleksander ni Dario wa Tatu, ambaye alikimbia uwanja wa vita mara mbili, Issus mwaka 333 KK na Gaugamela mwaka 331 KK, kisha akauawa na watu wake mwenyewe.

Ila kichwani mwa Aleksander aliyekuwa akipimana naye ni Koreshi. Mwaka 325 KK, akirudi kutoka India, alilipitisha jeshi katika jangwa la Gedrosia, kusini mwa Pakistani na Irani ya leo. Mwanahistoria Arrian anataja sababu mojawapo: alikuwa amesikia kwamba Koreshi alitoka jangwani humo akiwa na watu saba tu, naye akataka atoke na jeshi zima. Usiku mmoja wamelala kando ya kijito, mvua iliyonyesha mbali milimani ikashusha mafuriko, yakazoa wanawake na watoto wengi waliokuwa wakifuata msafara, mizigo, na wanyama waliosalia. Waliobaki wakaendelea kufa kwa kiu. Haya yote kwa kushindana na marehemu wa karne mbili.

Na miaka minne kabla ya hapo, kaskazini kabisa karibu na mto Jaxartes (Syr Darya ya leo), aliuteka kwa nguvu mji uliosemekana kuanzishwa na Koreshi mwenyewe, ukiitwa kwa jina lake, akaubomoa. Mtu huyohuyo Wagiriki walisema anampenda Koreshi.

Kila mmoja alianza na nini

Hapa Aleksander anapata alama chache kuliko watu wanavyompa. Alipoupata ufalme mwaka 336 KK akiwa na miaka 20, baada ya baba yake Filipo kuchomwa kisu kwenye sherehe ya harusi ya binti yake, alirithi jeshi lililokwisha kufundwa. Mikuki mirefu ya sarisa, mita tano na zaidi, iliyoshikwa kwa mikono miwili, ilikuwa kazi ya Filipo. Migodi ya dhahabu ya Pangaion ilikuwa ya Filipo. Wagiriki walikuwa wamekwisha kupigwa Chaeronea mwaka 338 KK, na Filipo ndiye aliyewapiga. Hata mpango wa kuivamia Asia ulikuwa wa Filipo, na kikosi cha kutangulia kilikuwa kimeshavuka. Kijana alikabidhiwa gari linawaka, tangi lina mafuta. Kuliendesha alijua, tena sana, lakini hakuliunda yeye.

Koreshi alianza na Anshan, kijifalme cha kusini-magharibi mwa Irani, chini ya kivuli cha Wamedi, watu wa kaskazini-magharibi mwa Irani. Mwaka 550 KK mfalme wa Wamedi, Astyages, alitoka kwenda kumwadhibu. Kumbukumbu za Babeli, zilizoandikwa kwenye udongo, zinasema kwa ufupi kabisa kilichotokea: jeshi la Astyages lilimwasi, likamfunga, likamkabidhi kwa Koreshi. Yaani jeshi lake kubwa la kwanza alilipata kutoka kwa adui. Na hakuwadharau Wamedi baada ya hapo. Aliwapa vyeo, mpaka Wagiriki wakawa wanashindwa kuwatofautisha na Waajemi.

Namna ya kuingia mjini

Mpwa wangu anapenda vita, kwa hiyo nilimpa vya kutosha.

Mwaka 546 KK hivi Koreshi alikabiliana na Croesus, mfalme wa Lidia, magharibi mwa Uturuki ya leo, tajiri ambaye mpaka leo jina lake ni mfano wa utajiri. Walidi walikuwa wapanda farasi wa kuogopwa. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus anasimulia kwamba Koreshi aliwashusha mizigo ngamia wote wa msafara, akawapandisha askari, akawaweka mbele. Farasi wa Lidia waliposikia harufu ya ngamia waligeuka, na wapandaji wakalazimika kushuka wapigane kwa miguu. Mji wa Sardi ukaanguka baada ya kuzingirwa siku 14.

Babeli, mwaka 539 KK, ni hadithi nyingine. Kwanza kulikuwa na mapigano kule Opis, kwenye mto Tigris, na huko damu ilimwagika, tusimfanye malaika. Siku chache baadaye, mwezi Oktoba, askari wake waliingia Babeli bila vita. Koreshi mwenyewe alifika wiki mbili na siku kadhaa baadaye. Alichofanya halafu ndicho kilichompa jina: alijitangaza kuwa amechaguliwa na Marduk, mungu wa Wababeli wenyewe, na akarudisha kwenye miji yao sanamu za miungu ambazo mfalme aliyepita alikuwa amezikusanya. Tangazo lake lipo mpaka leo, limeandikwa kwenye kipande cha udongo chenye umbo la pipa dogo, urefu wa sentimita 22 hivi, kilichofukuliwa mwaka 1879 na kuwekwa kwenye makumbusho ya London.

Kuhusu kipande hicho, onyo moja. Utakuta watu wanakiita tamko la kwanza la haki za binadamu. Si kweli. Ni tangazo la mfalme mpya anayejisafishia njia, na wafalme wa Mesopotamia waliomtangulia waliandika ya namna hiyo hiyo. Wala Wayahudi hawatajwi humo. Ruhusa yao ya kurudi Yerusalemu tunaisoma kwenye kitabu cha Ezra, sura ya kwanza, na heshima aliyopewa na nabii Isaya, sura ya 45, ni kubwa mno: anaitwa masihi wa Bwana, mtu ambaye hata hakuwa Myahudi. Propaganda au si propaganda, mtu aliyetekwa na Wababeli akaruhusiwa kurudi kwao hakujali.

Sasa mlinganishe na Tiro. Mwaka 332 KK Watiro, waliokaa kisiwani mita mia kadhaa kutoka pwani ya Lebanoni ya leo, walikubali urafiki na Aleksander lakini wakamkatalia kuingia mjini kutoa sadaka kwenye hekalu lao. Akakaa hapo miezi saba. Aliwaamuru watu wake wabomoe mji wa zamani uliokuwa bara, wachukue mawe na magogo, wajaze bahari mpaka wakifikie kisiwa. Walipofika, Watiro wapata 8,000 waliuawa na watu kama 30,000 wakauzwa utumwani. Mchanga uliendelea kujaa kwenye lile tuta, na leo Tiro si kisiwa tena. Ukitazama ramani utaona: Aleksander alibadilisha pwani yenyewe. Kama uhandisi, ni kazi ya kustaajabisha. Kama namna ya kupata raia, sijui.

Kwa haki yake, alijifunza. Babeli ilipomfungulia milango mwaka 331 KK, naye alimtolea Marduk sadaka, akaamuru hekalu lijengwe upya, akamwacha Mazaeus, jemadari wa Kiajemi aliyekuwa amepigana naye wiki chache tu nyuma, atawale. Ukurasa huo aliutoa kwenye daftari la Koreshi.

Asubuhi ya pili

Hapa ndipo mtu anaposhinda au kushindwa mdahalo, na ndipo nilipotumia muda mwingi.

Kuteka ni siku moja. Kesho yake nani anakusanya kodi? Waajemi waliweka kila jimbo chini ya mtu ambaye Wagiriki walimwita satrapa. Pwani yetu tunalo neno linalomkaa vizuri zaidi: liwali. Yule aliyekaa Mombasa au Lamu kwa jina la Sultani aliyekuwa Unguja, akiamua kesi, akipokea ushuru, na barua zikichelewa akaanza kujiona sultani yeye. (Neno "serikali" lenyewe tumelipata kwa Waajemi, ingawa hilo ni la karne nyingi baadaye.)

Koreshi hakufaulu mara ya kwanza. Baada ya kuiteka Sardi alimwachia Mlidi mmoja, Pactyes, kazi ya kusafirisha dhahabu ya Croesus. Pactyes alichukua dhahabu, akaajiri askari kwa dhahabu hiyohiyo, akaasi. Upinzani wakikuuliza Koreshi alikosea wapi, wape hilo kabla hawajakupa wao.

Pia mweleze mwamuzi ukweli: Koreshi peke yake hatoshi. Alikufa vitani kwenye nyika za Asia ya Kati, akipigana na Wamasageta kwa mujibu wa Herodotus, na mfumo haukuwa umekamilika. Mwanawe Kambisi akaongeza Misri mwaka 525 KK. Aliyeifunga dola kwa misumari ni Dario wa Kwanza, aliyeshika kiti mwaka 522 KK katikati ya maasi kila kona. Aliyaandika mwenyewe kwenye mwamba wa Bisotun kwa lugha tatu: vita 19, wafalme tisa aliowakamata, ndani ya mwaka mmoja. Kisha akatulia akafanya kazi ambayo haiimbwi. Kiwango cha kodi kwa kila jimbo. Sarafu ya dhahabu ya uzani unaoaminika. Barabara kutoka Sardi hadi Susa, mmoja wa miji mikuu ya Waajemi, yenye vituo 111, mwendo wa siku 90 kwa miguu, na wapanda farasi wa kupokezana barua ambao Herodotus anasema hawakuzuiwa na theluji, mvua, jua wala giza.

Na kuna karatasi zake, ambazo si karatasi. Miaka ya 1930 wachimbaji walikuta Persepolis, mji mwingine wa kifalme wa Waajemi, maelfu ya vibao vidogo vya udongo, vya kati ya mwaka 509 na 493 KK. Ni stoo tupu: nani kapewa shayiri kiasi gani, mvinyo kiasi gani, kwa muhuri wa nani. Msafiri wa serikali alitembea na waraka uliotiwa muhuri, akifika kituoni anauonyesha, anapimiwa posho yake na ya watumishi wake, na mwenye stoo anabaki na kibao cha kudai. Mfanyakazi wa kike aliyejifungua aliongezewa posho. Aliyezaa wa kiume alipata mara mbili ya aliyezaa wa kike. Hilo la mwisho linakera, najua, lakini hebu fikiria: karani wa miaka 2,500 iliyopita anajua ni mama yupi wa kikosi kipi kajifungua, na kamwandikia. Mimi nimewahi kufuatilia posho ya safari kwenye ofisi moja kwa miezi mitano. Nilivisoma vibao vile kwa wivu.

Aleksander aliikuta nyumba hii imejengwa, imepigwa lipu, imepangwa na samani. Majimbo aliyaacha vilevile, maliwali wengine aliwaacha vilevile, akaweka Wamakedonia kwenye jeshi na hazina. Susa alikuta talanta 50,000 za fedha, yaani tani kama 1,300. Persepolis alikuta 120,000, na mwandishi Mgiriki Plutarch anasema kuhamisha mali yake kulihitaji jozi 10,000 za nyumbu na ngamia 5,000. Kisha, mwaka 330 KK, ikulu ikachomwa. Wengine wanasema ilikuwa kisasi kwa sababu Xerxes, mfalme wa Uajemi, aliichoma Athene mwaka 480 KK, wengine wanasema ulikuwa ulevi wa karamuni. Vyovyote iwavyo, alichoma jumba lililokuwa tayari ni lake.

Baada ya hapo watu wake wa karibu wakaanza kupungua. Philotas, kamanda wa wapanda farasi, akatuhumiwa kuficha njama, akauawa. Baba yake Parmenion, mzee aliyemtumikia Filipo, akauawa mbali huko bila hata kuulizwa. Mwaka 328 KK Kleitos, aliyemwokoa Aleksander asikatwe kichwa kwenye vita vya Granicus, alibishana naye wote wakiwa wamelewa, naye Aleksander akamchoma mkuki. Mwaka 324 KK, aliporudi kutoka India na kukuta maliwali wamejifanyia watakavyo, aliwaua kadhaa. Mwaka huohuo aliwaoza maofisa wake wapatao 80 kwa mabinti wa Kiajemi na Kimedi, harusi moja ya pamoja huko Susa. Wazo zuri. Alipokufa, karibu wote wakawaacha wake zao. Seleucus peke yake, kati ya wale wakubwa, alibaki na Apama wake, na mtoto wao ndiye aliyerithi Siria, Mesopotamia na Irani.

Nani alibaki na funguo

Kibao cha wanajimu wa Babeli cha Juni mwaka 323 KK kinarekodi mambo ya anga kama kawaida, na katikati yake kuna maneno machache: mfalme amekufa. Halafu mawingu. Alikuwa hajatimiza miaka 33. Mke wake Roxana alikuwa mjamzito, ndugu yake wa baba hakuwa na akili za kutawala, na majenerali walikuwa na jeshi. Miaka 40 ya vita ikafuata, na humo mama yake, ndugu yake, mke wake na mwanawe wote waliuawa. Dola ya Koreshi iliishi zaidi ya miaka 200. Ya Aleksander kama kitu kimoja haikumaliza msiba.

Lakini hapa upinzani wana silaha, na ningekuwa upande wao ningeitumia yote. Kigiriki kilisambaa kutoka Misri hadi Bactria, upande wa Afghanistani ya leo, ndiyo sababu Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki na si kwa lugha ya Galilaya. Aleksandria ya Misri, aliyoianzisha mwaka 331 KK, bado ni jiji kubwa. Hazina ya Waajemi iliyokuwa imelala aliigeuza sarafu za fedha zilizozunguka kila soko. Drakma ya Kigiriki ikaingia Kiajemi na Kiarabu, ikawa dirhamu, na ndugu zetu walioko Dubai wanalipwa kwa jina hilo kila mwisho wa mwezi. Dola inaweza kufa na bado ikawa na wajukuu. Sina jibu kamili kwa hoja hii, zaidi ya kusema kwamba mengi ya hayo yalitendwa na waliomfuata, si yeye.

Kwa hiyo?

Kama unachotaka ni vita, chukua Aleksander, usipoteze muda. Gaugamela peke yake inatosha hotuba nzima, na hutapata kwa Koreshi maelezo ya mapigano ya kiwango hicho. Ila ujue Arrian, anayetegemewa zaidi, aliandika zaidi ya miaka 400 baada ya kifo chake, akitumia vitabu vya watu waliokuwepo. Kwa Koreshi maelezo ni machache, lakini baadhi ni ya wakati wake mwenyewe, kwenye udongo.

Kama wasikilizaji wako ni watu wa msikitini au kanisani, kuwa mwangalifu. Kuhusu Dhulkarnaini wa Surat al-Kahf, wafasiri wengi wa zamani walimtaja Iskandari, yaani Aleksander, na karne ya 20 wakatokea waliosema ni Koreshi. Usiingie huko kwenye mdahalo wa dakika saba. Danieli sura ya 8 ni salama zaidi, maana inajieleza yenyewe: kondoo dume mwenye pembe mbili ni wafalme wa Umedi na Uajemi, beberu ni mfalme wa Uyunani, na pembe yake kubwa inavunjika zinaota nne.

Kama mada ni ujenzi wa dola, kama ilivyo hii, chukua Koreshi na umfunge pamoja na Dario. Na ubaki na tukio moja mfukoni. Mapema mwaka 324 KK, ametoka jangwani, Aleksander alifika Pasargadae kwenye kaburi la Koreshi: kijumba cha mawe juu ya ngazi za mawe, mlango wake mwembamba hata mtu wa kawaida anaingia kwa shida. Walinzi wake, makuhani wa Kiajemi, walikuwa bado wanapewa kondoo mmoja kwa siku na posho ya unga na mvinyo, kwa amri ya miaka 200 nyuma, na farasi mmoja kila mwezi wa kutolewa sadaka. Ndani, wezi walikuwa wamebeba kila kitu isipokuwa kitanda na jeneza la dhahabu. Maiti wameitupa, na jeneza wamejaribu kulipigapiga ili libebeke. Aleksander aliwatesa wale makuhani, hawakutaja mtu. Akamwagiza Aristobulus, mmoja wa watu wake, arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, mifupa, kitanda, nguo, kisha mlango ufungwe kwa mawe, upakwe udongo na upigwe muhuri wa mfalme.

Nilimtumia mpwa wangu haya yote. Akajibu usiku: "Asante sana mjomba. Namchukua Koreshi. Ila wale ngamia naanza nao, kaburi naweka mwisho. Na ile ya posho ya safari nimeitoa, mwalimu wa zamu angefikiri namsema yeye."